Chai ya kuzeesha: tunanunua kinywaji ao tunanunua hadithi?

Bandugu, tuanze na bei. Keki moja ya pu'er ina uzito wa gramu 357. Ni kitu cha mviringo, bapa kama sahani ndogo, kimefungwa na karatasi nyembamba yenye maandishi ya Kichina, na mgongoni kina shimo mahali fundo la kitambaa lilikaa wakati wa kukandamiza. Nimeona kadhaa hapa Aru na Bunia, zote zimefika kwa njia ile ile ya simu, viatu na vipuri vya pikipiki: Guangzhou, ndege mpaka Entebbe, barabara mpaka Arua, kisha mpaka wa Vurra. Ya bei ya chini iliombwa dola 35, ya bei ya juu dola 120. Na kila muuzaji ana wimbo mmoja: "Hii chai haiozake, yaya. Inazeekaka tu, na bei inapandaka."

Ninaandika kwa sababu wanaonunua ni sisi. Si wafanyabiashara wakubwa wa Ariwara, wale wanajua kuhesabu. Ni sisi wenye diplome mpya, wenye mkataba wa miezi sita na shirika fulani, tunaotafuta mahali pa kuweka makuta kidogo pasipo kuliwa na sherehe na ndugu. Mmoja wetu alitoa zamu yake nzima ya likelemba akanunua keki mbili. Zimelala chini ya kitanda ndani ya mfuko wa plastiki, zinangoja kuwa mali. Mimi nasema zinangoja kuharibika, na nitaeleza kwa nini.

Maneno ya muuzaji yana nusu mbili. Nusu ya kwanza, kwamba chai hii inazeeka vizuri, ni kweli, ila ina masharti. Nusu ya pili, kwamba kwa hiyo ni akiba, kwa mtu wa Aru si kweli hata kidogo. Shida ni kwamba nusu ya kweli inabebesha ile ya uongo mgongoni.

Chai zote, ya Kericho, ya Bushenyi, ya Butuhe pale karibu na Butembo, ya Yunnan kule China, zinatoka kwenye aina moja ya mti, Camellia sinensis. Tena majani ya Yunnan yanayofanya pu'er ni ya jamii ya majani makubwa, assamica, jamii ile ile iliyojaa mashamba ya Afrika Mashariki. Tofauti iko kwenye kazi inayofuata kuchuma. Chai yetu ya kila siku inanyaushwa, inapondwa na mashine ya CTC iliyoanza Assam miaka ya 1930, inaachwa hewani mpaka inageuka nyekundu, kisha tanuru la joto kali linafunga hesabu. Chai hiyo imekufa, na nasema hivyo bila kuitukana. Imekamilika. Ukiiweka miaka mitano haitakuwa nzuri zaidi, itapoteza tu harufu, kama unga wa kahawa uliosahauliwa kabatini.

Pu'er wanaifanya kwa mkono mwepesi. Majani yanakaangwa muda mfupi kwenye karai kubwa, joto la kuzuia yasigeuke haraka lakini si la kumaliza uhai wote. Yanasuguliwa, yanaanikwa juani. Baadaye mvuke unayalainisha, yanatiwa ndani ya kitambaa, jiwe linakandamiza, keki imetoka. Ndani yake kumebaki kazi haijaisha: vimeng'enya kidogo vya jani lenyewe, na vijidudu vya hewani vinavyokuja kuishi humo. Wakipata unyevu wa kadiri na joto la kadiri, uchungu unapungua mwaka kwa mwaka, rangi ya maji inatoka kwenye njano, inapita rangi ya chungwa, inaenda kwenye wekundu. Hiyo wanaiita sheng, yaani mbichi. Inataka miaka kumi, kumi na tano, ishirini.

Watu wa Hong Kong walipenda chai iliyozeeka na hawakutaka kungoja. Ndiyo maana mwaka 1973 kiwanda cha chai cha Kunming kikaanza kutengeneza njia ya mkato: unarundika majani, unamwagia maji, unafunika, unageuza rundo mara kwa mara, joto linapanda lenyewe ndani, na kwa wiki sita ao zaidi chai inakuwa nyeusi. Hiyo ni shu, iliyoivishwa. Msomaji wa Aru asione hili kama ufundi wa ajabu. Mama zetu wanaojua kurundika mihogo iliyomenywa, kuifunika mpaka ipate ukungu, kisha kuikwangua na kuianika kabla ya kusaga, wanajua elimu hiyo hiyo. Wanajua pia sehemu ngumu: rundo likipata maji mengi linaoza, likikosa hewa linanuka, na hakuna mtu wa nje anayeweza kukuambia siku ya kulifungua. Mkono ndio unajua.

Basi tuonje, maana ukosoaji wa chai bila kuonja ni siasa tu. Jumapili moja tulikuwa sita, na keki tatu za watu watatu. Chombo chetu kilikuwa thermos moja, birika ndogo na vikombe vya kahawa. Njia ni rahisi, haitaki meza ya mbao iliyochongwa majoka. Chukua gramu sita hivi, kama kijiko cha supu kilichojaa, kwa birika la mililita mia moja na kitu. Maji yawe yanachemka kweli. Ya kwanza unamwaga baada ya sekunde chache, unaosha vumbi. Ya pili unakunywa baada ya sekunde kumi. Halafu unarudilia majani yale yale, unaongeza muda kidogo kidogo. Chai nzuri inakubali mara nane, hata kumi. Kwa hiyo usilinganishe bei ya keki na bei ya pakiti ya majani ya sokoni kwa uzito. Linganisha kwa vikombe.

Keki ya kwanza, shu ya dola 35. Ulipokaribisha pua, samaki. Wataalamu watasema harufu hiyo ni ya rundo bichi, itaondoka baada ya mwaka ao miwili, na kweli inaweza kuondoka. Lakini maji yalikuwa na ukungu kama maji ya mto baada ya mvua, na mwishoni ulimi ulibaki na uchachu. Uchachu haukuondoka hata tulipofika kikombe cha tano. Chai ya hivyo hata ukiiweka miaka ishirini utapata kitu kibaya chenye miaka ishirini.

Ya pili nayo ilikuwa shu, karatasi imeandikwa 7572. Hii ilinyamazisha chumba. Maji meusi mekundu, lakini ukiyaweka mbele ya dirisha unaona upande wa pili. Harufu ya udongo baada ya mvua ya kwanza, ya mbao za sanduku la zamani, na utamu mdogo kama wa tende. Hakuna uchungu. Inashuka laini, na baada ya kumeza utamu unarudi kooni wenyewe. Mwenzetu mmoja ambaye siku zote anatia vijiko vinne vya sukari hakuuliza sukari mpaka kikombe cha nne. Kwa mimi hicho ni cheti kuliko karatasi yote ya kiwanda.

Ya tatu ndiyo ile ya dola 120. Sheng, "ya miti ya kale", "ya mwaka 2006". Tulifungua karatasi, majani yakiwa bado na kijani cha majivu. Tulimwaga maji, yakatoka njano hafifu, kama ya chai ya mwaka jana. Uchungu wa kinini, ulimi unakauka pembeni. Sasa tufikiri pamoja. Mahali pakavu sana kuzeeka kunakwenda polepole, ni kweli. Lakini karibu miaka ishirini haipiti bila kuacha alama: majani yangekuwa ya kahawia, maji yangekuwa walau ya rangi ya chungwa. Chai ile si mbaya. Ni changa. Mtu ameibandika umri kama vile wengine wanavyojipunguzia umri kwenye kadi ya mpira wa miguu, ila huyu ameongeza.

Hapo tunafika kwenye karatasi, na karatasi ndiyo mahali wasomi tunakamatwa vizuri zaidi, maana tumezoea kuamini kitu kilichoandikwa. Chukua hesabu ile, 7572, ao ndugu yake maarufu 7542. Nimesikia muuzaji anaeleza mbele ya watu kwamba 75 ni mwaka wa chai yenyewe, yaani keki imezaliwa 1975. Si hivyo. Tarakimu mbili za kwanza ni mwaka wa mchanganyiko, wa mapishi tuseme. Ya tatu ni daraja la majani, madogo ao makubwa. Ya nne ni namba ya kiwanda, na 2 ni Menghai. Mapishi ya 7542 yanatengenezwa mpaka leo. Ni sawa na kusema pombe ya nyumba fulani inafuata mkono wa bibi: haina maana kwamba chupa uliyoshika aliijaza bibi.

Halafu kuna majina ya vijiji, Lao Banzhang, Bingdao, na neno gushu, miti ya kale. Majani ya vijiji hivyo bei yake huko huko China ni ya kutisha, na miti ni michache. Inawezekanaje keki ya kijiji ambacho matajiri wa Guangzhou wanagombania ifike Aru kwa bei ya simu iliyotumika? Swali hilo halitaki ujuzi wa chai, linataka akili ya soko ambayo mama yeyote wa Ariwara anayo.

Na tusidhani udanganyifu huu ni wetu sisi tu watu wa mbali. Mtaalamu wa elimu ya jamii na desturi, Jinghong Zhang, mwenyewe mtu wa Yunnan, alitoa kitabu mwaka 2014, Puer Tea: Ancient Caravans and Urban Chic, na utafiti wake aliufanya Yiwu, ndani kabisa ya nchi ya chai, wakati bei zilikuwa zinachemka. Anayoyaonyesha ni kwamba hata pale, kati ya wakulima, wachuuzi na wapenzi wa chai, swali la ipi ya kweli na ipi ya uongo halikuwa na jibu moja ambalo wote wanakubali. Mwaka 2007 ndio uliofundisha. Bei zilikuwa zimepanda miaka kadhaa, watu wa mijini waliokuwa hawanywi hata chai wakanunua maboksi, mji wa Simao ukabadilishwa jina ukaitwa Pu'er ili nao upate sehemu ya umaarufu, na katikati ya mwaka huo huo bei zikaanguka. Wengi walibaki na vyumba vilivyojaa chai ambayo hawakuipenda. Fikiri: walikuwa wanaishi kwenye nchi ya soko lenyewe, wanasoma lugha ya karatasi, na bado walianguka.

Wewe wa Aru, siku ya kuuza utauzia nani? Soko la pu'er liko. Liko Fangcun, Guangzhou, maduka kwa maelfu ya chai, na wanunuzi wake wanauliza keki imelala wapi miaka yote hiyo. Chumba cha kuhifadhi kinajulikana: Kunming ni kukavu, Guangdong na Hong Kong ni kwenye unyevu, na bei inafuata. Ukiwaambia imelala Aru, Ituri, watakuuliza kama ni jina la duka. Kuirudisha huko kuna usafiri, forodha mara mbili, na mtu wa kukuamini. Hapa kwetu mtu akiweka maharagwe kipindi cha mavuno na kuyauza wakati wa njaa, anamjua mnunuzi wake kwa jina la ukoo. Mwenye mbuzi wawili, siku mtoto ni mgonjwa, saa tatu asubuhi mbuzi amekuwa makuta. Keki haina mnunuzi kati ya hapa na Bunia isipokuwa mjinga mwingine, na wajinga wenye dola 120 si wengi hivyo, tushukuru Mungu.

Kuna jambo la pili, zito kuliko soko, na wauzaji hawaligusi. Kuzeesha chai miaka kumi na tano kunadai nyumba isiyotembea miaka kumi na tano. Tazama nyuma yetu. Vita vya Ituri vilianza 1999, vikachoma nyumba za watu mpaka 2003 na baadaye. Djugu iliwaka tena kuanzia 2017. Tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa dharura wa kijeshi. Aru imekuwa na bahati ya utulivu kuliko majirani, lakini nusu ya wenzetu wa chama hiki wamesoma Bunia wakiwa wakimbizi wa ndani, na wanajua mtu anabeba nini anapokimbia: mtoto, sufuria, godoro, karatasi za shule. Wazo la "weka usahau" ni wazo la watu ambao babu yao, baba yao na wao wenyewe wamelala kwenye chumba kimoja. Sisemi tusipange mbele. Nasema mpango wa akiba wa mtu wa Ituri uwe kitu kinachobebeka ao kinachouzika kwa siku moja, na keki haiko hivi wala vile.

Kuhusu afya nitapita haraka. "Inayeyusha mafuta, inatibu sukari." Majaribio mengi yanayotajwa yamefanywa kwa panya, na panya hawanywi baada ya kula fufu na mchuzi wa mawese. Chai hii ina kafeini, usinywe usiku kama unataka kulala. Na chai yoyote kali ukiinywa pamoja na chakula inapunguza madini ya chuma ambayo mwili unachota kwenye mboga na maharagwe, kwa hiyo mama mjamzito angojee saa moja hivi baada ya kula. Mgonjwa wa sukari asiache dawa yake kwa ajili ya karatasi yenye joka.

Sasa, nimekataa akiba, sijakataa kinywaji. Mtu akiniambia anataka keki moja, ya kunywa, aiweke nyumbani aone inavyobadilika, nitamwambia fanya, ni starehe nzuri, tena ni ya bei ndogo kuliko bia za wikendi. Lakini nunua kwa ulimi. Muuzaji akikataa kuvunja kipande akuonjeshe, ondoka. Chagua shu iliyo safi leo, maana shu haitabadilika sana, itapoteza tu harufu ya rundo na kuwa laini zaidi. Ukitaka sheng kwa ajili ya kungoja, chukua ya bei ya kadiri, changa, isiyojificha kwamba ni changa: uchungu uwe na nguvu lakini ugeuke utamu baada ya kumeza, jani lionekane zima, harufu isiwe ya moshi wala ya kabati. Usilipe mwaka ambao huwezi kuuonja.

Na nyumba yetu inafaa? Hapa nina habari njema kidogo. Aru iko juu ya mita 1,000, na Menghai yenyewe, nchi ya pu'er, nayo iko juu ya mita 1,000. Joto letu ni la kadiri mwaka mzima. Msimu wa mvua unatupa unyevu wa kutosha, wakati mwingine wa kupita kiasi. Adui ni kipwa, kati ya Desemba na Februari, upepo unakausha mpaka midomo inapasuka. Wanaohifadhi chai wanatafuta unyevu wa hewa wa asilimia 60 mpaka 70 na kitu, bila kuruka ruka. Ukipita hapo juu sana na hewa haitembei, ukungu unakuja. Ukishuka sana, chai inalala usingizi. Kipimo kidogo cha unyevu kinauzwa dola chache tu Kampala, na kinakuambia ukweli kuliko mwenye duka.

Chombo kizuri kuliko vyote tunacho tangu zamani: chungu cha udongo kisichopakwa rangi, ambacho hakijawahi kupikiwa wala kuoshwa kwa sabuni. Kinapumua. Acha chai ndani ya karatasi yake, funika mdomo kwa kitambaa cha pamba, weka kwenye chumba cha ndani, mbali na ukuta wa nje ambao unatoa jasho usiku mabati yakipoa, na juu ya ubao, si chini kwenye sementi. Kipwa kikikaza, weka kikombe cha maji kwenye chumba, kisiwe ndani ya chungu. Mvua zikizidi, fungua kitambaa saa za mchana. Mfuko wa plastiki chini ya kitanda, hapana: unyevu uliofungiwa humo hauna pa kwenda. Friji, hapana kabisa.

Lakini hatari ya kweli ya nyumba zetu si unyevu, ni harufu. Chai inakunywa harufu ya jirani yake. Nyumba nyingi hapa zina jiko la makaa karibu, dumu la esanse kwenye korido, makayabu juu ya kabati, sabuni ya kipande kwenye kreti, kahawa kwenye gunia. Nimeonja keki iliyokaa miezi minane kwenye butiki inayouza esanse ya chupa. Iliwezekana kuwasha nayo moto. Kama huna kona hata moja isiyo na harufu, kunywa keki yako mwaka huu na usingoje kitu. Ukungu nao usome vizuri: vumbi jeupe kidogo kwa juu, toa nje ipate hewa, kwangua, ngojea. Ya kijani, nyeusi ao ya njano yenye manyoya, na harufu ya kuuma, tupa. Usifanye ushujaa.

Jambo dogo kwa wale wanaotuaibisha kwamba kutia maziwa ni ushamba. Chai za Yunnan zilibebwa karne nyingi na misafara ya farasi na nyumbu mpaka Tibet, na kule wanaipiga pamoja na siagi na chumvi. Tulijaribu 7572 ile na maziwa ya moto na tangawizi, na mandazi pembeni. Ilisimama vizuri, nzito, bila kuhitaji majani mengi. Sheng usiijaribu hivyo, inakuwa kama dawa ya minyoo.

Kitu kinachonichoma kiko kwingine. Jani ni lile lile. Mnada wa Mombasa unauza chai ya Kenya, ya Uganda, ya Rwanda, hata ya Kongo, na nyingi yake imesagwa kuwa vumbi la kujaza vifuko, imechanganywa na nyingine, jina la kilima limepotea njiani. Kenya walitoa mwaka 2011 aina ya chai ya majani ya zambarau, TRFK 306, baada ya utafiti wa miaka mingi, wakitafuta kutoka kwenye bei ya vumbi. Malawi, shamba la Satemwa linatengeneza chai nyeusi ya kuvundikwa, binamu wa shu kabisa, na linaiuza nje kwa jina lake. Kwa hiyo inawezekana kwenye udongo wa Afrika.

Na kwetu tuna kahawa. Kahawa ya Mahagi na ya vilima vyetu inavuka mpaka kwa magunia, mara nyingi usiku, na ikifika ng'ambo imekuwa ya Uganda. Wachina walifanya kinyume. Mwaka 2008 waliandika kanuni ya taifa: jina pu'er ni la chai ya Yunnan pekee, ya majani makubwa, iliyoanikwa juani. Mtu wa jimbo lingine akitengeneza chai ya namna hiyo, atafute jina lingine. Ethiopia nao walipigania majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe mpaka wakaelewana na Starbucks mwaka 2007, mwaka ule ule ambao wanunuzi wa pu'er walikuwa wanalia. Angalia ni nani alifaidi pande zote mbili: si aliyeficha kitu chini ya kitanda, ni aliyeshika jina la mahali na kulilinda kwa sheria. Tuna wanasheria wangapi kwenye chama hiki? Tuna maagronomu wangapi wanaoandika memuare juu ya mihogo kwa sababu tu profesa ana vitabu vya mihogo? Mmoja aandike juu ya kahawa ya Mahagi inavyopoteza jina kati ya mti na gunia, kilomita kwa kilomita, na atakuwa amefanya kazi ambayo dola 120 haiwezi kununua.

Kwa wale ambao keki tayari wanayo: fungua karatasi leo, jua likiwa bado. Usivunje kwa nyundo wala kwa magoti. Ingiza kisu chembamba pembeni, mahali tabaka za majani zinaonekana, sukuma polepole na uinue, kipande kitabanduka chenyewe bila kuvunja majani. Weka mkono mwingine nyuma ya kisu, si mbele yake. Vipande viache kwenye bakuli la udongo wiki moja, vipate hewa, kisha chemsha maji. Kama ni ile yenye uchachu, mpe mwenye bustani ya mboga, inafaa kwenye mboji. Kama ni nzuri, niite.